Betri ya lithiamu ya sola, miezi saba dukani kwangu

Jamani wenye sola, hii betri ya lithiamu ya 12.8V 100Ah nimekaa nayo miezi saba hapa dukani Ifakara na kwa kweli kwenye zile za jeli sirudi tena. Ya jeli ukiivuta chini ya nusu unaiua mwenyewe, mi niliua mbili ndani ya miaka mitatu, hii kila usiku nakula asilimia 80 ya chaji kwa friji ndogo ya soda, taa nne na simu za watu, na paneli zangu mbili za wati 200 saa saba mchana zishaijaza. Halafu nyepesi, kilo kama 11 tu, nimekuja nayo kwenye boda nimeipakata.

Ndani ni fosfeti ya chuma na lithiamu. Kundi la mwanasayansi John Goodenough kule Chuo Kikuu cha Texas ndo walioitangaza 1997, ila ilikuwa na kasoro kubwa, haipitishi umeme vizuri, ioni, yaani zile chembe za lithiamu zinazobeba chaji, zinakwama katikati ya punje za hiyo fosfeti. Dawa yake ikawa kuzifanya punje ziwe za kiwango cha nano, na nanomita moja ni mita moja ukiigawa mara bilioni, kisha kila punje inavikwa utando mwembamba wa kaboni, basi ioni inatembea kidogo tu ishatoka na umeme unapita kwenye kaboni. Ndo maana friji ikiwaka ghafla betri wala haiyumbi. Na fosfeti inaishika oksijeni kwa nguvu, kwa hiyo si rahisi kulipuka moto kama lithiamu za kobalti, mi nalala chumba cha nyuma so hilo kwangu ni kubwa.

Sasa angalieni hapa. Fundi aliyenifungia aliacha kontrola, kile kifaa kinachoongoza chaji kutoka kwenye paneli, kwenye mpangilio wa betri za asidi, kila jua likipanda volti zinapita 15, saketi ya ulinzi ndani ya betri inakata, duka kimya. Nimehangaika wiki nzima, kumbe ilitakiwa ikomee 14.4! Pia usiipime kwa volti kama tulivyozoea, inakaa kwenye 13 hivi muda mrefu alafu inaporomoka mara moja, nunua kipimo kinachoonyesha asilimia ya chaji iliyobaki.

Bei imezidi mara mbili ya jeli, inauma, mi nilidunduliza miezi mitano. Ukiipata, fundi asiondoke kabla hajakuonyesha hiyo 14.4 kwenye skrini.