Uzoefu wangu: dira ya Suunto, ramani ya 1:50,000 na mafunzo ya wikendi Morogoro

Nianze na dira manake ndo iliyokula hela. Ni Suunto MC-2 G, ile yenye bamba la plastiki linaloonyesha mpaka chini, ina kifuniko chenye kioo na sehemu ya kulengea, na mpaka inifikie mkononi ilishavuka laki mbili. Najua mjini kuna dira za bei ya chini sana. Nilikuwa nayo moja kabla ya hii, jina sitaji, na ndo sababu kubwa ya mimi kuandika yote haya, kwa sababu ile dira haikuwa imeharibika wala nini, ilikuwa imetengenezewa sehemu nyingine ya dunia na aliyeniuzia hakusema neno.

Iko hivi. Sumaku ya dunia haivuti sindano kuelekea kaskazini tu, inaivuta pia kwenda chini, na ncha ipi inavutwa chini inategemea uko wapi. Ulaya ncha ya kaskazini ndo inataka kuzama, kwaiyo kiwandani wanaongeza kauzito kadogo upande wa kusini ili sindano ikae sawa. Sasa ikweta ya sumaku, yaani ule mstari ambapo sindano haivutwi chini upande wowote, kwa upande huu wa Afrika inapita kule Ethiopia, maana yake Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi wote tuko kusini yake, na huku inayotaka kuzama ni ncha ya kusini. Ukileta Morogoro dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya, upande wa kusini unavutwa chini na sumaku alafu na kale kauzito nako kanavuta chini hapohapo, sindano inalala upande, inagusa sakafu ya chumba chake na inakwama. Ile yangu nilikuwa nikigeuka mwili mzima sindano inageuka na mimi, nikiigonga kwa kidole inaruka pengine nyuzi ishirini ndo inatulia. Ukiiinamisha inakuwa huru kidogo lakini ukishaiinamisha huwezi tena kulenga kitu. Sasa hapo unaenda wapi na dira ya namna hiyo?

Hiyo herufi G kwenye MC-2 G ni kwamba sindano yake ni ya dunia nzima, sumaku na sindano hazijagandishwa kuwa kitu kimoja, kwaiyo sumaku ikitaka kuzama izame lakini sindano inabaki imelala sawasawa. Nimeitumia milimani mvua ikinyesha mikono imepoa na haijawahi kunigomea, inatulia haraka hata nikiishika ovyo. Watengenezaji wengine wanaigawa dunia kwa kanda, Silva kwa mfano wana alama za MN (kaskazini), ME (ikweta) na MS (kusini), ukiona MN jua hiyo ni ya kaskazini ya mbali, kwetu hapana. Na ukiwa dukani jaribu kabla ya kulipa, ishike ikiwa imelala kabisa, zunguka polepole duara zima, sindano inatakiwa ikae palepale bila kukwaruza popote, na simu yako iwe mbali wakati huo, hasa kama kava lake ni la kufunga kwa sumaku. Hizo kava ni hatari kweli, dira ikikaa nazo mfuko mmoja muda mrefu sindano inaweza hata kugeuka kaskazini ikawa kusini.

Ramani sasa. Hizi za serikali za 1:50,000 ndo ninazozungumzia, wengi tulizionea kwenye mtihani wa Jiografia form four, unapewa kipande cha ramani unaulizwa maswali alafu basi, huzioni tena maishani. Sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini, mraba mmoja wa gridi ni kilomita moja kwa moja. Mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha sehemu zenye urefu sawa, kwenye nyingi inapishana mita 20 za urefu, kuna shiti (karatasi za ramani) za zamani ambazo ni futi 50 kwaiyo soma pembeni kabla hujaanza kuhesabu. Kwa ubora wa uchoraji mimi sina neno, matuta na mabonde ya milima ya Uluguru hapo Morogoro yako palepale yalipochorwa, mito iko palepale. Ila vitu vya binadamu usiviamini, barabara zimeongezeka, msitu umerudi nyuma sehemu nyingi, na kama shiti yako ni ya kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 unaweza kukuta kijiji kimeandikwa jina kubwa kabisa na ukifika hamna nyumba hata moja, watu walishahamishwa zamani. Kwaiyo unapotafuta ulipo tumia mlima, mto, makutano ya mito. Mlima haujahamishwa na mtu.

Kuna jambo lingine la ramani hizi ambalo watu wa GPS mnatakiwa mlijue. Zimechorwa kwa mfumo wa vipimo unaoitwa Arc 1960, na simu zetu zinatumia WGS84. Ukichukua namba za simu ukazipeleka kwenye gridi ya ramani bila kubadilisha chochote unakosea kama mita 300 hivi. Kwenye karatasi ni milimita sita tu unaweza kuona si kitu, lakini Uluguru mita 300 ni bonde lingine kabisa, unajiweka mto wa kushoto kumbe uko mto wa kulia na kati yenu kuna ukuta wa mlima. Programu nyingi za ramani zina sehemu ya kuchagua mfumo, tafuta Arc 1960 uweke, ni suala la dakika moja.

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya wikendi, siku ya kwanza darasani na uwanjani, ya pili mlimani Uluguru, upande wa Morningside. Mwalimu ni mzee aliyefanya kazi ya upimaji ardhi miaka mingi, na kwa kweli huyu mzee ndo thamani ya hela yote. Nilipofika nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba alafu akaiona dira inaning'inia shingoni akaniambia, "Hiyo ivue mwanangu, weka kwenye begi, leo asubuhi hatuihitaji." Nikashangaa, mimi nimekuja kwa ajili ya dira. Asubuhi nzima tulikaa na kontua tu. Anakuonyesha mlima kwa macho anakwambia uutafute kwenye karatasi, alafu anageuza, anaweka kidole kwenye karatasi anakwambia nionyeshe hapa ni wapi pale mbele. Mistari ikibanana ni mteremko mkali, ikiachana ni tambarare, hiyo kila mtu anaijua, lakini kutofautisha tuta na bonde ndo wengi tulikuwa tunababaika, manake vyote vinachorwa kwa mistari iliyopinda kama herufi V. Akasema angalia namba za urefu, kwenye bonde ncha ya V inaelekea juu mlimani, kwenye tuta ncha inaelekea chini. Baada ya kufanya tena na tena ikaja yenyewe, nikaanza kuuona mlima kwenye karatasi bila kuhesabu chochote. Mimi hapo ndo naona kozi ilipolipa, hata kama ningeondoka mchana huo.

Mchana ndo dira zikatoka. Unalaza ramani chini, unaigeuza mpaka kaskazini yake ilingane na kaskazini ya sindano, hilo tu peke yake linamaliza nusu ya matatizo kwa sababu kushoto kwenye karatasi kunakuwa kushoto kweli. Alafu beringi, yaani mwelekeo kwa nyuzi: ukingo wa dira unauweka kutoka ulipo mpaka unapokwenda, unazungusha chumba cha sindano mpaka mistari yake ilale sambamba na gridi, herufi N ikielekea juu ya ramani, unanyanyua dira mbele ya kifua, unageuka wewe mwili mzima mpaka sindano nyekundu iingie ndani ya kile kimshale kilichochorwa chini yake, na hapo unapotazama ndo njia. Tofauti ya kaskazini ya sumaku na ile ya ramani kwa upande wetu ni ndogo, haifiki nyuzi tano, lakini mzee hakukubali tuidharau. Uzi mmoja ukikosea, kwenye kilomita moja umeshatoka njiani mita 17, kwaiyo nyuzi tano ni karibu mita 90. Na ile tofauti iliyoandikwa pembeni ya ramani ni ya mwaka ilipochapwa, sumaku imeshahama toka hapo, tafuta ya saivi. MC-2 G ina kiskrubu cha kurekebishia hiyo tofauti, ukishaiweka mara moja husumbuki tena na hesabu, hiki kitu nimekipenda sana.

Siku ya pili ndo nataka niizungumzie vizuri. Tulianza na kujua ulipo kwa kutumia vilele viwili, tuko mahali peupe tunaona mji chini, tukalenga mlima Mindu, tukalenga na Nguru ya Ndege, kila mmoja akachora mistari yake kwenye ramani na pale inapokatana ndo umesimama. Kioo cha dira kilisaidia sana hapa manake unaona kilele na sindano kwa wakati mmoja. Yangu iliangukia karibu kabisa na ile kona ya njia tuliyokuwepo, wengine wenye dira za kawaida walitoka kidogo lakini si vibaya, kwaiyo siwezi kusema bila kioo huwezi.

Baadae ukungu ukashuka. Uluguru ukungu hauombi ruhusa, unaona mji dakika hii, inayofuata huoni mtu aliye hatua kumi mbele yako. Mzee akafurahi kabisa, akasema sasa tunasoma. Akatupa beringi ya kufika kwenye kijito fulani, tuingie msituni tukifuata dira tu. Namna yake ni kwamba mmoja anatangulia mpaka pale anapokaribia kupotea machoni, wewe wa nyuma mwenye dira unamwelekeza kushoto kidogo, kulia kidogo, simama hapo, alafu unamfuata mpaka unamfikia, anatangulia tena. Mwenzangu alikuwa dada wa kutoka Dodoma amejifunga kitambaa chekundu kichwani, kwenye ule weupe wa ukungu na majani yanayochuruzika maji nilikuwa naona kile kitambaa tu, mwili sioni. Tukawa tunahesabu hatua pia, unahesabu kila mguu wa kulia unapokanyaga, watu wazima wengi mita 100 za tambarare ni kati ya 60 na 70, kwenye mteremko wa matope zinaongezeka sana na unatakiwa ujue zako mwenyewe. Na hatukulenga kijito pale hasa tunapopataka, tulilenga makusudi upande wa juu yake, ili tukikuta maji tujue moja kwa moja tugeuke kushuka, hakuna kubahatisha. Tulipoanza kusikia maji yule dada alipiga kelele ya furaha, na mimi nilipiga. Tukashuka nayo kidogo, mzee amekaa juu ya jiwe anatusubiri.

Muda wa safari alitufundisha kwa kanuni ya Naismith, Mskoti wa mwaka 1892, saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa msitu wetu wenye mizizi na utelezi mzee anasema ongeza nusu yake tena, na mimi naona yuko sahihi, hasa mteremko wa mashariki unaopata mvua nyingi zaidi.

Mabaya sasa, manake yapo. Ramani tulizogawiwa zilikuwa fotokopi nyeusi na nyeupe, hili kwa kweli limeniudhi. Ramani ya rangi mto ni bluu na kontua ni kahawia, ukitoa kopi nyeusi vyote vinakuwa mistari tu inayopita kila mahali, na mtu anayeanza leo utamfundishaje kontua kwa karatasi ya hivyo? Mimi nilikuwa na shiti yangu ya rangi, waliokaa karibu yangu tukawa tunachangia, waliokaa mbali waliteseka. Kundi nalo lilikuwa kubwa kwa mwalimu mmoja. Na hakuna kipindi cha usiku kabisa, wakati ukitafakari watu wanapotea saa ngapi, ni ile jua linapozama bado uko katikati ya msitu.

Kuhusu simu, kwa wale mnaoniuliza kwa nini nisitumie GPS tu, natembea nayo na GPS naiwasha, na inafanya kazi hata pasipo netiweki kama ramani umeshaipakua. Lakini chini ya miti mikubwa inayumba, chaji inaisha, na hata ikifanya kazi inakwambia uko wapi tu, kama huwezi kusoma kontua hujui kwamba ile njia fupi mbele yako inaishia kwenye poromoko. Na hii yote haiondoi kibali. Ule msitu ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, unalipia na unaenda na mwongoza njia wa pale, na mimi napenda kwenda naye manake anajua majina ya vijito ambavyo ramani haikuvipa jina.

Dira naipa tano kati ya tano. Mafunzo nne, ile moja niliyokata ni fotokopi, wakichapa rangi nairudisha. Wakiweka na kipindi cha usiku nitalipia tena, na safari hii naenda na mdogo wangu ambaye ni skauti, tayari nimeshaanza kumfundisha kontua mezani kwa ile shiti ya Morogoro.