Kipimo cha lehemu (kolesteroli) kwenye maabara ya mtaani, Mwembe Tayari

Damu huchukuliwa haraka, na karatasi ya majibu hutenganisha LDL (lehemu mbaya), HDL (lehemu nzuri) na trigliseridi (mafuta mengine ya damu). Hapo wanastahili sifa. Kasoro ni kwamba TSH, kipimo cha tezi ya shingo (thairoidi), haimo kwenye kifurushi: iombe, uilipie kando. Tezi ya shingo ikizembea, ini hupunguza vipokezi vinavyoondoa LDL kwenye damu, basi lehemu hupanda hata kwa asiyegusa viazi karai. Ukianzishiwa statini, dawa ya kushusha lehemu, kabla tezi haijatibiwa, hatari ya misuli kuuma huongezeka. Levothairoksini, dawa ya tezi hiyo, inywe kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai na mahamri. Vidonge vya madini ya chuma, saa 4 baadaye. Lehemu na TSH vipimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8 za tiba. Foleni ya Jumatatu asubuhi? Ndefu mno.