Desemba Nairobi kwa mwenye wazimu wa garimoshi: uzoefu wangu Makumbusho ya Reli

Desemba ikifika, Nairobi hubaki na watu wa aina mbili: wanaongoja basi la kwenda mashambani na sisi tusioenda popote. Sisi ndio huambiwa kila mwaka twende tukale nyama choma au tukawalishe twiga. Twiga sina ugomvi nao, ila mimi napenda vyuma. Nina daftari la nambari za injini za garimoshi, na mke wangu ameshazoea. Basi wikendi ya Jamhuri nikamchukua kaka yake, aliyekuja kutoka Same, Tanzania, kula Krismasi nasi, tukaenda Makumbusho ya Reli.

Kufika si kazi. Unashuka stejini Railways, unauliza njia upande wa stesheni ya zamani, unatembea kidogo. Matatu tuliyopanda ilitudai nauli mara mbili kwa sababu "ni Krismasi", na tarehe ilikuwa 12. Tukalipa.

Makumbusho haya yalianzishwa mwaka 1971, enzi ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na ukiwa na watoto utaanzia ndani: picha za ujenzi kutoka Mombasa mwaka 1896, taa za ishara, vyombo vya mezani vya daraja la kwanza. Vizuri vyote. Sisi tulivipita haraka, maana kilichotupeleka kiko nje, juani.

Nje kuna Garratt mbili za kundi la 59, nambari 5918 na 5930. Kwa asiyejua, hizi ndizo injini za mvuke zenye nguvu kupita zote zilizowahi kupita kwenye reli ya upana wa mita moja. Zilitengenezwa 34, na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, katikati ya miaka ya 1950. Moja ina uzito wa tani 252 na urefu wa karibu mita 32. Simama mbele yake halafu tembea polepole hadi nyuma, utaelewa kwa miguu kile ambacho picha haikuonyeshi: hii ni kama injini mbili zilizobeba boila moja katikati. Mbele kuna tangi la maji na magurudumu yake, nyuma kuna mafuta na magurudumu yake, na boila limening'inia baina yao kama machela. Ndiyo maana dude refu namna hii liliweza kupinda kwenye kona kali bila kung'oa reli, na uzito ukagawanyika kwenye ekseli nyingi. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 530 hivi, na unapanda zaidi ya mita 1,600. Mzigo wa tani elfu moja na ushee haukokotwi huko na injini ya mchezo.

Panda kwenye chumba cha dereva. Hilo ndilo ninalolipendea mahali hapa: chuma unakishika. Mlango wa tanuri ni mdogo kuliko unavyodhania, na juu yake kuna msitu wa mabomba na vali ambao mtu alitakiwa kuujua gizani, kwa joto. Nilishika mkono wa rigileta, ule wa kufungulia mvuke, nikakuta umesuguliwa ukawa laini upande mmoja tu, ule wa kiganja. Nilikaa hapo mpaka kijana mmoja aliyekuwa na simu yake akaniuliza kwa adabu, "Mzee, umemaliza?"

Shemeji alikuwa amebaki chini, anatazama ubavu wa 5930. Rangi yake ni ile ya damu ya mzee, ya reli ya zamani. Akaniita.

"Shemeji, hapa si pameandikwa Mount Shengena?"

"Ndiyo."

"Shengena ya kwetu? Ya Upare?"

"Hiyo hiyo."

"Sasa mlima wetu unafanya nini huku?"

Nikamweleza kwamba kundi zima la 59 lilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na ile 5918 ni Mount Gelai, mlima ulio karibu na Ziwa Natron, Tanzania vilevile. Reli ilikuwa moja, ya Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki na vyake, na milima miwili ya Tanzania ikabaki Nairobi. Alimpigia mama yake simu ya video papo hapo. Mama hakujali injini, alitaka kujua kama tumekula.

Usitoke bila kuliona behewa la Ryall. Juni 1900, simba alikuwa anasumbua stesheni ya Kima. Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, na wenzake wawili, Huebner na Parenti, wakalala ndani ya behewa wakimvizia. Zamu ilikuwa ya Ryall, na usingizi ukamshinda. Simba akaingia, akamkanyaga Parenti aliyelala sakafuni, akamchukua Ryall akatoka naye dirishani. Hadithi ya simba wala watu wa Tsavo ya 1898 kila mtu anaijua. Hii ya Kima husimuliwa kidogo, ingawa mimi naiona inatisha zaidi, kwa sababu dirisha lenyewe unalitazama. Pima kwa macho upana wake.

Nani asije? Anayetaka vioo, taa za rangi na kiyoyozi. Hapa ni nyasi, jua na grisi iliyokauka, kwa hiyo vaa suruali ambayo hutaililia, beba kofia na maji, na uje asubuhi kabla chuma hakijashika moto. Watoto wa umri wa kupandapanda wataburudika kuliko wazazi wao. Kama kuna mstaafu wa reli katika ukoo, mlete. Atakueleza mambo ambayo hayajaandikwa kwenye kibao chochote. Mimi naipa nyota tano bila haya, nikijua kabisa kwamba mke wangu angetoa mbili.

Mkibaki na siku ya pili, nendeni Nairobi Gallery, jengo la 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Pana alama ya Point Zero, mahali ambapo umbali wa barabara za Kenya ulianza kupimiwa. Mwenye kupenda ramani atafurahi, wengine wataangalia mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais, wakimngoja. Nauli ya kurudi mjadiliane kabla ya kupanda.