USAspending.gov: kufuata fedha za UVIKO-19 Marekani, dola kwa dola

USAspending.gov ni tovuti ya serikali kuu ya Marekani inayoonyesha fedha zake zinakwenda wapi. Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ni bure, haidai kujisajili, na data zote unaweza kuzipakua.

Usianze na kisanduku cha kutafutia cha juu. Ingia kwenye utafutaji wa kina, uchague herufi ya fedha za dharura: N ni CARES, sheria ya msaada wa UVIKO-19 ya Machi 2020, V ni American Rescue Plan, sheria nyingine ya msaada ya 2021. Ukiruka hatua hii, matumizi ya kawaida yanaingia humo humo na jumla inavimba bure.

Halafu chagua mahali kazi inapofanyika, si anwani ya mpokeaji. Hata hivyo, ruzuku inayopitia serikali ya jimbo mara nyingi huandikwa makao makuu ya jimbo, ndipo unapoona Austin, makao makuu ya Texas, kama imemeza mgao wa Texas nzima. Fungua sehemu ya ruzuku za chini, yaani zile ambazo mpokeaji wa kwanza huwagawia wengine, uone nani alipokezwa na jimbo. Kiwango cha kuripoti humo kimekuwa dola 30,000. Chini ya hapo, njia inaishia.

Panapowaponza wengi ni safu mbili za fedha. Moja ni kiasi ambacho serikali imejifunga kulipa, nyingine ni kilichokwisha kutoka hazina. Ahadi ni deni, sawa, lakini deni si malipo. Ukikuta kiasi chenye alama ya kutoa, si kosa la mfumo: sehemu ya ahadi imefutwa. Mikopo nayo, kama ile ya PPP iliyosaidia biashara ndogo kulipa mishahara, ina thamani ya mkopo na gharama yake kwa serikali. Hizo mbili usizijumlishe kamwe.

Ninachokosa ni kitu kilichokuwapo Recovery.gov, tovuti ya fedha za kufufua uchumi za 2009. Kila robo mwaka mpokeaji alieleza mradi umefika wapi: haujaanza, chini ya nusu, nusu au zaidi, umekamilika. Ilikuwa na aibu zake, maana ripoti za kwanza zilitaja majimbo ya uchaguzi yasiyokuwapo, kwa kuwa wapokeaji walijijazia wenyewe bila mfumo kuwakagua. Kosa la namna hiyo hurekebishika. USAspending inakuonyesha hundi imetoka. Kama bomba la maji lililolipiwa na ruzuku hiyo limefukiwa au bado liko kando ya barabara, hilo itabidi uiulize kaunti yako, ukiwa na namba ya ruzuku mkononi.