Kimashine cha kushona plastiki kwa pini za moto: nimekitia kazini kwenye jetski kuukuu

Wale mnaoniuliza inbox kuhusu kile kimashine cha kushonea plastiki, kile chenye bunduki na pini zinazowaka nyekundu, wacha niandike hapa mara moja kila mtu asome. Kinafaa. Lkn kinafaa kwa kazi moja na watu wanakinunua kwa kazi nyingine, afu wanakuja kulalamika eti ni uchafu.

Jetski yenyewe (pikipiki ya majini) ni Yamaha XL700 ya 2001, ile ya watu watatu, tuu stroki. Injini haina neno na bodi ya chini pia haina neno manake ile ni faiba iliyoshindiliwa kwenye moldi, imara hasa. Shida iko kwenye vile viplastiki vya juu, kifuniko cha dashi, nyumba za vioo vya pembeni, kitako cha siti pale loki inapofungia, ndoo ya mizigo ya mbele na vile vishikizo vya skrubu. Miaka ishirini na kitu ya jua na chumvi sio mchezo, miale ya jua inakatakata plastiki kwa ndani mpaka inakosa ule mnyumbuko wake, ukiigusa vibaya inavunjika kama kachiri. Na bichi zetu hizi za Bamburi na Nyali hapa Mombasa mnazijua, mteja akianguka majini akitaka kupanda tena badala ya kuzunguka nyuma anashika kioo cha pembeni anajivuta nacho mtu mzima na laifjaketi yake imelowa. Kioo gani kitastahimili.

Spea mpya za modeli ya zamani namna hii ukizipata bei inakukata maini, na za mtumba nazo zimekula jua lile lile, unanunua ufa wa mwenzio. Kwa hivyo msimu huu wa kusi, bahari ikiwa imechafuka na biashara imelala, nikaagiza hiki kimashine onlaini, elfu tatu na ushee za Kenya pamoja na kuletewa. Kampuni siitaji kwa sababu hivi vyote vinatoka China vinafanana, wanabadilisha stika tu.

Ndani ya boksi unapata transfoma ndogo, bunduki yenye waya, pini za aina nne hivi (za mawimbi, za S, za kona na zile za M), koleo ya kukatia, na plagi ya miguu miwili ambayo haiingii kwenye soketi zetu, utatafuta adapta. Kabla hujachomeka soma kibandiko cha nyuma, kuna zinazouzwa za volti 110, ile ukiichomeka kwenye 240 yetu imekwisha hapo hapo.

Kutumia ni rahisi. Pini unaiingiza kwenye vichwa viwili vya bunduki, unabana kitufe, sekunde chache imeshakuwa nyekundu, unaikandamiza juu ya ufa inazama kwenye plastiki bila nguvu. Hapo sasa ndo wengi wanaharibu, wanavuta bunduki papo hapo na pini inatoka nayo. Achia kitufe kwanza, subiri plastiki igande, utaona ile rangi ya kung'aa imefifia, ndo uvute taratibu. Izame nusu ya unene au zaidi kidogo, isitokeze upande wa pili. Plastiki nyembamba chini ya milimita mbili usijaribu, pini inapita hadi mbele na alama yake haifichiki. Mikia unaikata na koleo, na hapo vaa miwani, kile kipande kinaruka vibaya. Na fanyia kazi nje penye upepo, moshi wa plastiki sio wa kuvuta hata kidogo.

Kabla ya yote hayo toboa katundu ka milimita tatu pale ufa unapoishia. Bila hako katundu ufa utaendelea kutembea hata ukishona pini mia, ndo vile nguvu yote inakusanyika pale kwenye ncha.

Haya, tuje kwenye jambo lenyewe, manake hapa ndo hela ya mtu inapotea. Jua plastiki yako ni ya aina gani. Geuza kipande uangalie kwa ndani utakuta maandishi madogo, yangu kifuniko cha dashi kimeandikwa ABS, kitako cha siti PP, ile ndoo ya mbele PE. Kama maandishi yamefutika kata kichembe ukitupie kwenye glasi ya maji ya mfereji. PP na PE zinaelea, ABS inazama (PP iliyotiwa nyuzi za glasi ndani nayo inaweza kuzama, hiyo ichunguze zaidi). Au pangusa asitoni (kile kiyeyushi cha mafundi wa faiba) mahali pasipoonekana, ABS inalainika inanata, PP haijali.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu PP na PE hazishiki gundi. Supagluu, epoksi, ile resini ya mafundi wa faiba, zote zinakauka vizuri unafurahi, wiki mbili bahari ikipiga inabanduka kipande kizima kama kilivyo. Huku kwenye PP na PE ndo kimashine hiki kinalipa pesa yake. Kitako changu cha siti kilikuwa na ufa kuanzia kwenye loki hadi kwenye tundu la boliti, nimekishona kwa ndani pini za mawimbi zimepishana, moja huku moja kule, sentimita moja na nusu baina yake, afu juu ya pini nikayeyushia plastiki ya PP kwa chuma cha kuchomelea waya mpaka pini zikafunikwa kabisa. Plastiki ya kuyeyushia usinunue, nenda gereji yoyote ya kunyoosha bodi za magari omba vipande vya bampa zilizovunjika, nyingi zimeandikwa PP na EPDM (hiyo ni aina ya mpira), inakubaliana vizuri. Kwa ile ndoo ya PE nilikata dumu la mafuta ya kupikia, angalia chini lina namba 2 kwenye pembetatu. PP na PE msizichanganye lkn, zinaonekana zimeshikana kumbe zimelaliana tu.

Kufunika pini sio urembo. Hizi pini zinauzwa kama stenlesi na ni stenlesi kweli, ila ukishaichoma mpaka ikawaka nyekundu ule ulinzi wake wa juu unapungua, na maji ya chumvi yakiipata inaanza kutoa kutu ya kahawia. Mtu wa gari asipofunika anaweza kupona, sisi wa bahari hapana.

Kwenye ABS sasa, mimi kimashine nakiweka kando. Kile kifuniko cha dashi nilichukua vichembe vya ABS ile ile nikavitia kwenye chupa ya glasi na asitoni, nikafunga nikaacha usiku kucha, asubuhi ukikoroga inavuta. Unapaka kwenye ufa inayeyusha kingo zote mbili zinakuwa kitu kimoja, na ikikauka kabisa (mpe siku mbili tatu, usiwe na pupa) unapiga msasa namba 80 upande wa ndani, unalaza kitambaa cha faiba na epoksi. Resini ya kawaida ya polista ni rahisi zaidi, lkn ikikauka ni ngumu haipindi, na jetski ni mtetemo mtupu kutoka asubuhi hadi jioni. Epoksi inanyumbuka kidogo. Asitoni nunua pale wanapouza vifaa vya faiba, wale wanaitumia kuoshea brashi, ile ya kutolea rangi ya kucha imechanganywa na mambo mengine. Na usafi wa kwanza muhimu kuliko gundi, osha na maji ya mfereji yenye sabuni utoe chumvi, acha ikauke, pangusa spiriti, ndo uanze.

Nyumba za vioo nilichanganya, pini chache za kushikilia kipande kisicheze, afu faiba kwa ndani. Hapo pini kazi yake ni kubana tu hadi epoksi ishike, nguvu yenyewe inatoka kwenye kitambaa. Mtu akikwambia pini peke yake inaimarisha plastiki iliyokauka anakudanganya, plastiki ikishakauka ufa mpya unaanzia pembeni ya pini yenyewe. Lazima uipe mgongo.

Vile vishikizo vya skrubu vilivyopasuka navyo havitaki pini. Nilikata vipete vya bomba la shaba la friji, nikavipasha moto na kuvivisha kwa nje kishikizo kikabanwa kote, vingine vimetiwa kwa ndani bushi za shaba zenye nyuzi za kukazia skrubu. Afu skrubu zote nimeweka washa pana na mpira chini yake na nakaza kwa mkono, drili mwiko. Nyufa nyingi za hizi jetski zimeletwa na mafundi wenye drili, sio na bahari.

Malalamiko yangu kwa mashine yenyewe: waya wa bunduki mfupi, unafanya kazi umeinama kama uko kwenye adhabu. Haina kipimo cha moto, ni kuwaka au kuzima, jicho lako ndo kipimo. Vichwa vya bunduki vinalegea, inabidi ukaze skrubu zake mara kwa mara la sivyo pini inacheza na haiwaki sawa. Na wamejaza pini za kona ambazo kwenye jetski huna pa kuzitumia, huku za mawimbi za milimita 0.8, ambazo ndo unazozitaka kila dakika, zinaisha kabla hujamaliza kazi. Ukiagiza mashine agiza na pakiti ya ziada ya hizo hizo, bei yake ndogo.

Mwenye ile Sea-Doo Spark usinielewe vibaya. Bodi yake kweli ni PP yenye nyuzi za glasi, na mtu anaweza kushawishika kushona ufa wa chini. Chini ya mstari wa maji usiguse na kimashine hiki, tafuta fundi anayechomelea plastiki kwa hewa moto na fimbo. Vivyo hivyo kishikio cha kebo ya usukani au pale inapokaa ile kamba ya kuzimia injini, hivyo vikipasuka nunua kipya hata kama ni ghali, abiria wa watu hao.

Mimi nikikipa nyota ni nne kwa mwenye vitu vya PP na PE vingi. Kama jetski yako karibu yote ni ABS, hiyo elfu tatu nunua epoksi na kitambaa, bado utabaki na ya chai.