Monita ya mtumba ya Hz 75 yenye FreeSync: imenifaa, ila ina masharti

Monita hii nimeichukua Mwanga, hapa Kigoma, kwa laki moja na themanini. Imetumika lakini kioo hakina doa. Nilikuwa nafuata kitu kimoja tu, FreeSync, yaani kioo kuchora picha kwa kufuata kasi ya kadi ya picha ya kompyuta, maana ile ya zamani ya Hz 60 (inayochora picha mara 60 kwa sekunde) ilinichosha. Nikikata kona kwa kasi kwenye gemu la GTA V, nguzo za taa zinakatika kati: kipande cha chini kimeshasogea, cha juu bado kipo palepale. Kadi inaleta fremu mpya, yaani picha inayofuata, wakati kioo hakijamaliza kuchora iliyopita.

Najua mtasema washa VSync, ule mpangilio unaoilazimisha kadi isubiri kioo. Kweli picha inatulia, ila mausi inakuwa nzito kama unaiburuta kwenye mawese yaliyoganda. Fremu iko tayari lakini inapangishwa foleni kusubiri zamu ya kioo. Kadi isipowahi ndani ya milisekunde 16.7 (zamu moja ya Hz 60), zamu imepita, na magemu mengine yanaporomoka hadi fremu 30 kwa sekunde. Kwa anayecheza gemu la kulenga shabaha, hapo umeshakufa.

Kwa FreeSync, kioo ndicho kinachoisubiri kadi. Mimi natumia kadi ya NVIDIA, GTX 1050 Ti, na usiogope kwamba FreeSync ni mali ya AMD, washindani wao: NVIDIA waliifungulia milango Januari 2019 kwa kadi za GTX 10 kwenda juu, kwa kupitia kebo ya DisplayPort. Dukani nilipewa kebo ya HDMI, muuzaji akaapa zote ni zilezile. Kwa kadi hii, si zilezile! Ikabidi niagize ya DisplayPort Dar, ije na basi.

Halafu kuna vitufe vya monita yenyewe. FreeSync ilikuwa imezimwa humo kwenye menyu, kwa hiyo hata ungehangaika vipi kwenye kompyuta, isingewaka.

Kwenye monita hii FreeSync inafanya kazi kati ya Hz 48 na 75. Fremu nimezifungia 72 kwa sekunde kwa programu ya RivaTuner. Zikipita 75 ule mpasuko wa picha unarudi, au foleni inarudi kama VSync iko hewani. Zikishuka chini ya 48 ni yaleyale, ndiyo maana nimepunguza vivuli na majani kwenye gemu. Kama kadi yako haifiki hata hiyo 48, hela peleka kwenye kadi kwanza.

Naipa nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu rangi zinapauka ukikaa pembeni, na spika zake ni pambo tu.