Bega walinitoboa vizuri, dawa wakaninyima

Nimsifu daktari wa hospitali hii kwanza, kabla hasira hazijanipanda. Bega la kulia lilinitesa muda mrefu, na kwingine eksirei ilionyesha mfupa mzima kabisa, nikaambiwa nimeze Panadol nilale. Yeye alipoona faili langu akauliza, "Siko seli unayo tangu utotoni?" Ndiyo, ni ugonjwa wa damu niliozaliwa nao. Akanituma MRI, picha inayoona ndani ya mfupa kuliko eksirei. Kichwa cha mfupa wa mkono, pale kinapoingia begani, kilikuwa kinakufa kwa kukosa damu.

Akasema kwa vile hakijabonyea, bega la chuma tuliache kwanza. Atakitoboa kupunguza presha iliyojifungia ndani. Kovu lenyewe nalifunika kwa kidole gumba. Hata maandalizi yalikuwa safi: blanketi juu ya blanketi, dripu tangu jioni, maana mwenye siko seli akipigwa baridi au akikaukiwa maji, chembe za damu zinajikunja.

Sasa njooni usiku. Ganzi ikaisha, bega likawaka. Mama akamfuata sista wa zamu. Alikuja akiburuta ndala, macho kwenye simu, funguo za kabati zinaning'inia shingoni. Morfini, dawa kali ya maumivu, ilikuwa imeshaandikwa. Akasoma, akanitazama, akasema, "Nyie wa siko seli mmeizoea sana hii dawa. Subiri asubuhi."

Asubuhi! Mtu katobolewa mfupa mchana, asubiri asubuhi!

Mama ni mtu wa Bombo ya Uganda, kunyamaza hajui. "Musawo wangu, mtoto kachimbwa mfupa leo. Fungua kabati." Akajibiwa asimfundishe kazi. Na hii ni Uganda, jamani, nchi inayojichanganyia morfini yake ya maji, serikali inalipia mgonjwa apate bure, na tangu 2004 sheria inawaruhusu hata manesi waliosomea jambo hilo kuiandika. Huyu wangu hakuambiwa aandike. Aliambiwa amimine! Chupa iko hatua chache kutoka kitandani, nami nauma shuka.

Kufikia alfajiri maumivu yalishasambaa hadi magotini. Nikaongezewa siku za kulazwa, na bili ya siku hizo, ndiyo, nikalipa mimi. Daktari alipopita raundi hakusema neno. Alimnyooshea sista mkono, akachukua funguo, akafungua kabati mwenyewe.

Kwa hiyo msiende. Nilikaa chini kuandika hivyo tu. Lakini leo nimejifunga mshipi wa gauni langu la gomesi bila kumwita mtu, jambo ambalo lilikuwa limenishinda kabisa, na siwezi kuwadanganya. Basi nendeni, ila mwende na mtu mwenye mdomo. Mgonjwa asiye na wa kulala naye pale, sijui, labda asiende.

Bega la kushoto nalo limeanza. Daktari alishanionya kwamba kwetu sisi mara nyingi yanakufa yote mawili. Nitarudi kwake, sina mwingine ninayemwamini. Safari hii, kabla sijasaini karatasi yoyote, nitauliza zamu ya usiku ni ya nani.